SAA ZA MWALIMU MSHAURI TUZIANDIKE WENYEWE

Hotuba iliyosemwa mjini Voi mbele ya walimu washauri wa shule na wajumbe wa matawi ya chama

 Wengine wenu mmeamka gizani kushuka milima, na wengine mmeacha nyumba zenu siku ambayo ingekuwa ya mapumziko. Basi si haki niwapotezee wakati, hasa kwa kuwa jambo nililopewa kulisema leo ni wakati wenyewe.

Jambo hilo nitalitaja mapema, ili kila mtu ajue tunakokwenda. Kazi ya ushauri shuleni inafanywa kila siku, lakini haina saa katika vitabu vya shule. Na kazi isiyo na saa, mbele ya mwajiri, huhesabiwa kuwa si kazi. Dawa yake ni sisi wenyewe kuziandika saa hizo, kwa ukweli, bila kuandika siri ya mtoto hata mmoja. Na daftari hilo liwe mali ya mwalimu, lisiwe fimbo ya kumpigia mwalimu.

KAZI HII ILITOKA WAPI

Ndugu zangu, ushauri si jambo jipya katika shule za Kenya. Wizara ya Elimu ilikuwa na kitengo chake cha mwongozo na ushauri tangu mwanzo wa miaka ya 1970, na Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ikasisitiza kazi hiyo. Lakini kwa miaka mingi mwalimu mshauri alikuwa mtu wa kuwaambia wanafunzi wachague masomo gani na waombe kazi gani. Mambo ya nidhamu yalikuwa ya fimbo.

Kisha ukaja mwaka 2001. Mwezi wa Machi mwaka huo bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, katika Machakos, lilichomwa moto usiku, na wavulana 67 wakafa. Kabla ya hapo, mwezi wa Machi 1998, wasichana 26 walikuwa wamekufa kwa moto wa bweni huko Bombolulu, Kwale, hapa hapa Pwani kwetu. Mwaka huo huo wa 2001 serikali iliondoa adhabu ya viboko mashuleni, na kamati iliyotazama fujo za wanafunzi ikashauri kwamba mwongozo na ushauri utiwe nguvu katika kila shule. Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 zikakaza: mtoto asipigwe wala asiteswe moyo.

Hakuna mwalimu hapa anayetaka fimbo irudi. Lakini tutazame hesabu. Fimbo ilichukua dakika mbili, na mtoto akarudi darasani. Ushauri wa kweli unachukua dakika 40 au saa nzima, na mara nyingi mtoto hurudi tena juma la pili na la tatu ndipo aseme lililo moyoni. Serikali ilipoondoa fimbo na kuweka ushauri mahali pake, iliondoa kazi ya dakika mbili na kuleta kazi ya saa nyingi. Saa hizo zilitoka wapi? Masomo hayakupunguzwa, na ratiba haikubadilishwa. Zilitoka katika chakula cha mchana cha mwalimu, katika jioni yake, na katika siku yake ya Jumamosi.

Na katika wilaya zetu hizi, shida zinazomleta mtoto mlangoni pako mnazijua kuliko mimi. Yuko mtoto ambaye shamba la wazazi wake limeliwa na ndovu usiku mmoja tu, na karo imekwenda na mahindi. Yuko aliyekaa njaa katika ukame mrefu ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, mvua zikakosa msimu baada ya msimu. Yuko mvulana anayeona wenzake wameacha shule wakaenda kuchimba vito, naye anauliza kitabu kina faida gani. Yuko msichana wa karibu na barabara kuu, pale malori yanapolala. Iko muguka, ambayo mwezi wa Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitoa amri za kuizuia, mambo yakaishia mahakamani, lakini mtoto aliyekwisha kuizoea bado yuko darasani kwako. Na wako wasichana waliojifungua, ambao mwongozo wa Wizara wa mwaka 2020 unataka wapokewe tena shuleni. Nani huwapokea? Ni mwalimu mshauri. Kwa saa zipi? Hakuna aliyeandika.

SAA ZINAZOHESABIWA NA SAA ZISIZOHESABIWA

Wako watakaosema, walimu wamekwisha kuandikwa vya kutosha. Ni kweli. Tangu mwaka 2016 Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, imeleta mpango wa kupima kazi ya mwalimu unaoitwa TPAD. Vyama vyetu vilivutana na mwajiri juu ya mpango huo, hasa mwaka 2018 na 2019, kwa kuwa walimu waliona saa za kufundisha zinaliwa na kujaza fomu. Katika mpango huo kiranja wa darasa hushika daftari, na kila somo huandikwa kama mwalimu aliingia au hakuingia.

Sasa angalieni jambo hili. Mwalimu mshauri akikosa somo moja kwa sababu mtoto analia ofisini na kusema hataki kuishi, daftari la darasa litaandika kwamba hakuingia. Lakini kama ameketi na mtoto huyo saa mbili baada ya masomo, hakuna daftari litakaloandika kwamba alikuwapo. Kukosa kwake kunaandikwa, na kufanya kwake hakuandikwi.

Basi, ndugu zangu, hatuwezi kusema hatutaki kuandikwa. Tumekwisha kuandikwa, lakini tumeandikwa nusu, na nusu iliyoandikwa ni ile isiyotusaidia.

KALAMU ILIKUWA YA NANI?

Sisi tulio hapa Voi hatuhitaji kwenda mbali kujifunza habari ya kuandika kazi. Wazee wetu walibeba kipande. Tangu sheria ile ilipoanza kutumika, karibu na mwaka 1920, mwanamume Mwafrika alikitia kipande chake katika kikebe akakivaa shingoni, na mwajiri akaandika humo siku ya kumwajiri na siku ya kumwachisha. Katika mashamba palikuwa pia na tikiti ya siku 30: siku ambayo haikutiwa alama ilikuwa haikufanywa, hata kama mtu alitoka jasho tangu alfajiri. Mfanya kazi ndiye aliyebeba karatasi, lakini kalamu ilikuwa ya mwajiri.

Sasa linganisheni na stesheni. Voi imekuwa mji wa reli tangu reli ya Mombasa ilipofika hapa katika miaka ya 1890, ikawa njia panda wakati reli ya Taveta ilipojengwa katika vita vya 1914 hadi 1918, na tangu mwaka 2017 reli mpya nayo ina stesheni yake hapa. Katika kazi ya reli, watu wa stesheni huandika wenyewe saa ya gari kufika na saa ya kuondoka, pale pale, gari linapopita. Likitokea jambo njiani, kitabu hicho ndicho kinachosema kosa lilikuwa wapi. Mtu wa stesheni aliyeandika vizuri hana hofu akiitwa kuulizwa. Kitabu chake kinasimama badala yake.

Daftari ninalosema leo liwe kama kitabu cha stesheni. Lisiwe kipande.

WENZETU WA MAREKANI WAMEFANYAJE

Jambo hili halikuanza na sisi. Marekani iko kazi ya mshauri wa shule ambaye hafundishi masomo ya kawaida, kazi yake ni ushauri peke yake. Nao pia walionewa. Wakuu wa shule waliwapa kazi ya kusimamia mitihani, kupanga ratiba na kushika madarasa ya waalimu wagonjwa, kwa kuwa mtu ambaye hana darasa huonekana hana kazi. Tena katika miaka ya mwanzo ya 2000 serikali yao ilianza kuzidai shule zote zionyeshe matokeo kwa hesabu, na mshauri asiyekuwa na hesabu alikuwa katika hatari ya kuondolewa.

Chama chao cha washauri wa shule kikatoa utaratibu mwaka 2003, nao umekwisha kutengenezwa upya mara kadhaa. Utaratibu huo wasema mshauri atumie asilimia 80 au zaidi ya wakati wake katika kazi ya wanafunzi, na asilimia 20 au chini katika mipango na kazi nyingine za shule. Wamependekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Na ili kujua ukweli, mshauri huandika matumizi ya wakati wake mara mbili kwa mwaka, siku tano kila mara. Hawaandiki mwaka mzima. Wanachukua kipimo, kama mpishi aonjaye mchuzi kwa kijiko kimoja.

Sisi hatuwezi kuvaa nguo yao yote. Mshauri wao hana darasa, na wetu ana darasa na ushauri pamoja. Lakini kijiko chao chatufaa.

DAFTARI LENYEWE

Nunua daftari dogo la kurasa chache, la bei ndogo. Piga mistari upate nafasi tano: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, alama ya kazi, na idadi ya watoto. Basi. Hakuna nafasi ya jina, wala ya kidato, wala ya shida.

Alama za kazi ziwe nne:

A ni kazi ya kuketi na mtoto mmoja au kundi la watoto, uso kwa uso.

B ni kazi kwa ajili ya mtoto asipokuwapo: kusema na mzazi, mwalimu wa darasa, chifu, hospitali au ofisi ya watoto.

C ni matayarisho na maandiko ya ushauri: kupanga mazungumzo ya vidato, kuandika ripoti ya idara.

D ni kazi isiyo ya ushauri ambayo umepewa kwa sababu unaitwa mshauri.

Masomo unayofundisha usiyaandike humo, yamekwisha kuandikwa kwingine.

Nitoe mfano wa juma moja. Huu ni mfano wa kufundishia tu, si habari ya shule yo yote. Mwalimu ana masomo 27 ya dakika 40, yaani saa 18 za darasani. Juma hilo aliketi na watoto sita, kila mmoja dakika 40: jumla dakika 240. Akawa na kundi moja kwa dakika 60. Hiyo ni A, dakika 300. Akapokea wazazi watatu, nusu saa kila mmoja, na akapiga simu za dakika 45. Hiyo ni B, dakika 135. Akaandika ripoti dakika 30, ndiyo C. Jumla ya ushauri wa kweli ni dakika 465, yaani saa 7 na dakika 45.

Juma hilo hilo alishika madarasa mawili ya mwalimu asiyekuja, dakika 80. Akatumwa kupekua masanduku ya bweni, dakika 60. Akasimama langoni kuwarudisha nyumbani wenye deni la karo, dakika 60. Hiyo ni D, dakika 200.

Sasa tuhesabu. Dakika 465 ni zaidi ya masomo 11. Dakika 200 ni masomo 5 kamili. Ongeza 27 ya darasani. Mwalimu huyu amebeba mzigo wa masomo 43, kabla hajasahihisha daftari moja la wanafunzi. Na katika wakati aliopewa kwa jina la ushauri, kila dakika 10, dakika 3 zimechukuliwa na kazi nyingine.

Tena tazameni nafasi ya saa. Watatu kati ya watoto wale walikuja saa saba mchana, na watatu baada ya michezo, saa kumi na moja jioni. Hakuna dakika hata moja iliyokuwa ndani ya ratiba. Mwalimu akienda na hesabu hii kwa mwalimu mkuu, haendi tena kulalamika kwamba amechoka. Anakwenda na jambo la kuzungumzwa.

SHERIA ZA KUANDIKA

Kwanza, andika papo hapo, mtoto akitoka tu. Anayengoja mpaka Ijumaa huandika anachokikumbuka, na mtu aliyechoka hukumbuka zaidi kuliko ilivyokuwa.

Pili, andika majuma mawili tu kila muhula, moja la kawaida na moja la shughuli nyingi. Usichague juma la kufungua shule wala la mitihani ukasema ndivyo ilivyo muhula wote. Tena tukubaliane majuma hayo katika tawi, ili walimu wote waandike pamoja.

Tatu, andika hata siku ambayo hakuna mtoto aliyekuja. Daftari lisilo na siku tupu halisadikiki.

Nne, usiongeze hata dakika tano. Uongo wa mwalimu mmoja ukipatikana, madaftari ya walimu wote yatatupwa, na chama kitaaibika mezani. Afadhali hesabu ndogo iliyo kweli kuliko kubwa iliyotiwa maji.

Tano, mwisho wa juma jumlisha A, B, C na D katika karatasi moja. Karatasi hiyo ya jumla ndiyo itakayokwenda kwa mwalimu mkuu na kwa mjumbe wa tawi. Daftari lenyewe likae kwako, chini ya kufuli.

SIRI YA MTOTO

Ndugu walimu, sasa nafika mahali penye miiba. Mtoto anapokuja kwako, ameacha kila mtu mwingine akakuchagua wewe. Siku atakapojua kwamba habari yake imeandikwa mahali fulani, hatarudi, wala wenzake hawatakuja. Hapo utakuwa na daftari safi na ofisi tupu.

Msidhani kwamba kuacha jina kunatosha. Shule zetu nyingi ni ndogo, na vijiji vyetu vinajuana. Ukiandika "kidato cha tatu, mimba, Jumanne saa saba," umekwisha kulitaja jina, maana kila aliyepita uwanjani Jumanne saa saba alimwona nani aliyeketi nje ya mlango wako. Ndiyo sababu daftari la saa halina nafasi ya kidato wala ya shida. Mwenye kutaka kujua saa zako ajue saa zako. Ya mtoto hayamhusu.

Yako maandiko mengine ambayo mshauri huyahitaji kwa ajili ya mtoto mwenyewe, ili akumbuke walipoachia mazungumzo. Hayo ni kitabu kingine, na kifungwe peke yake. Sheria ya Kulinda Habari za Watu ya mwaka 2019 yataka habari za mtoto zitunzwe kwa namna inayolinda haki zake na maslahi yake. Msiyachanganye madaftari hayo mawili hata siku moja.

Na yako mambo ambayo mshauri haruhusiwi kuyaficha. Mtoto akisema ameingiliwa au ananajisiwa, waraka wa TSC nambari 3 wa mwaka 2010 wamtaka mwalimu atoe habari kabla ya saa 24 kupita. Hapo hakuna kungoja wala kumwonea mtu haya, hata akiwa mwenzetu wa chama. Mtoto mwambieni mapema, kwa upole, kwamba jambo la namna hiyo hamtalinyamazia, kwa sababu mnataka awe salama. Lakini habari hiyo hupita katika njia yake ya sheria. Katika daftari la saa utaandika B, dakika 90, basi.

WENYE SHAKA

Nimesikia maneno matatu ya walio na shaka, nao si wajinga. Yafaa wajibiwe.

Wa kwanza wasema: mambo ya moyo hayapimwi kwa dakika. Ni kweli kabisa. Dakika 40 zaweza kumwokoa mtoto, na saa tatu zaweza kukosa kufaa. Daftari hili halipimi kama ushauri ni mwema. Linaonyesha tu kwamba kazi imefanywa, na imefanywa saa ngapi. Mwajiri akitaka kulitumia kupima wema wa kazi, tutamwambia amekosea kipimo, kama mtu anayepima maziwa kwa futi.

Wa pili wasema: mwajiri ataona mtoto mmoja amechukua dakika 40, atatuambia tumalize kwa dakika 15. Hatari hiyo iko. Kwa hiyo hatutatoa karatasi hizi mmoja mmoja kama watu wanaoomba msaada. Zitatolewa na tawi, zikiwa zimekusanywa, na kwa masharti yaliyokubaliwa kwanza. Mwalimu peke yake na karatasi yake aweza kutishwa. Walimu wa kaunti nzima, wote wakionyesha hesabu inayofanana, hawawezi kuambiwa kwamba wote ni wavivu.

Wa tatu wasema: tumechoka na fomu, na hii ni fomu nyingine. Nawajibu kwamba hii ni mistari michache kwa siku, katika majuma mawili ya muhula. Tena zile fomu nyingine zilitungwa na mwajiri ili ajue habari zetu. Hii tunaitunga sisi, ili tujue habari zetu wenyewe.

TUNACHODAI

Hesabu isiyo na madai ni hadithi tu. Madai yetu ni haya, na naomba matawi yayazungumze:

1. Saa za ushauri ziingizwe katika ratiba ya shule, na masomo ya mwalimu mshauri yapunguzwe kwa kadiri hesabu itakavyoonyesha.

2. Kila shule iwe na chumba cha ushauri chenye mlango unaofungwa. Mtoto hawezi kusema siri yake katika ofisi ya walimu, watu wakinywa chai.

3. Mwalimu mshauri asipewe kazi ya kupekua, ya kuadhibu, wala ya kuwafukuza wenye deni langoni. Mtoto aliyepekuliwa sanduku lake na wewe asubuhi hatakufungulia moyo wake jioni. Katika madai yote hili halimgharimu mtu hata senti moja, laweza kuanza kesho.

4. Daftari la saa liwe mali ya mwalimu. Jumla peke yake ndiyo itolewe, na isitumiwe kumwadhibu mtu.

5. Mwalimu asipewe kazi hii kwa sababu tu ana huruma au ni mwanamke au ni mtu wa dini. Apelekwe mafunzo. Tangu mwaka 2014 iko Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia, inayoonyesha kwamba taifa limekubali kuwa huu ni ujuzi wa kusomewa.

Wako watakaosema madai haya ni ya kujipendelea. Tuwakumbushe habari ya mwezi wa Septemba 2024, shule ya Hillside Endarasha, katika Nyeri, ambako watoto 21 walikufa kwa moto wa bweni. Sitaki kusema kwamba mshauri angezuia moto ule, maana hayo ni ya wachunguzi. Lakini nasema kwamba baada ya kila msiba, viongozi husimama makaburini wakisema ushauri uongezwe mashuleni. Huongezwa kwa maneno. Hakuna anayeuliza utaongezwa kwa saa zipi. Safari ijayo tukisikia maneno hayo, tuwe na karatasi mkononi ya kuwauliza.

Ndugu zangu, vyama vya walimu vya nchi hii havikupata kitu kwa kulia. Chama cha KNUT kilipoundwa mwaka 1957, waalimu walikuwa chini ya waajiri wengi mbali mbali, kila mmoja na masharti yake. Walidai mwajiri mmoja na masharti ya namna moja, na TSC ikaundwa kwa sheria mwaka 1967. Miaka kumi ilipita. Sisi pia hatutapata haya yote kwa muhula mmoja. Lakini muhula mmoja watosha kujua ukweli wa kazi yetu, na mwenye kujua ukweli wa kazi yake hasemeshwi ovyo.

Basi kazi ya kuanzia ni ndogo. Kila mjumbe arudi tawini kwake na azungumze na washauri wa shule zake. Wachague majuma yao mawili ya muhula ujao. Karatasi za jumla zifike kwa katibu wa tawi kabla shule hazijafungwa. Shule isiyokuwa na mshauri nayo iandike hivyo hivyo, sifuri. Hiyo nayo ni habari kubwa.

  Umoja ni nguvu.